Ziwa Lililokauka Mbele ya Macho ya Angani



Wengi wetu tumezisikia darasani Hadithi alizozikusanya Imamu Tirmidhi, Mwenyezi Mungu amrehemu. Nisba yake yatokana na Tirmidh, mji ulio kando ya mto ambao Waarabu waliuita Jayhuni, na leo waitwa Amu Darya. Mto huo pamoja na mwenziwe Sayhuni, yaani Syr Darya, ndio uliolijaza ziwa la Aral, baina ya Uzbekistan na Kazakhstan. Mwaka 1960 ziwa hilo lilikuwa la nne kwa ukubwa duniani.

Yaliyolipata yamo katika picha zilizopigwa kutoka angani na setilaiti ya Marekani iitwayo Terra, tangu mwaka 2000. Zipange mwaka baada ya mwaka, kama mama apangavyo picha za mwanawe. Utaona maji yakinywea na weupe wa chumvi ukitanda mahali pake. Agosti 2014, upande wa mashariki wa ziwa la kusini ulikuwa mkavu kabisa.

Hayo ni machumo ya mikono ya watu. Katika miaka ya 1960, Muungano wa Sovieti uliyachepua maji ya mito hiyo ili kumwagilia mashamba ya pamba, na mengi yakapotelea mchangani njiani.

Yapo ambayo picha ya juu haiyafikii. Huko Moynaq, vyombo vya wavuvi vimelala jangwani. Katika nyumba za Karakalpakstan, mama hufagia vumbi lenye chumvi na sumu za mashambani, na maradhi ya kifua na upungufu wa damu yamewasumbua wanawake na watoto.

Hata hivyo, picha hizo zina bishara. Kaskazini, Kazakhstan ilijenga ukuta wa kuzuia maji wa Kok-Aral, uliokamilika mwaka 2005. Maji yakapanda, chumvi ikapungua, samaki wakarejea.

Dini yetu yatukataza israfu ya maji hata katika udhu, ijapokuwa tuko kando ya mto. Mtoto akiuliza mto utaishaje, mwonyesheni picha za Aral, kisha mfundisheni kutawadha kwa kopo moja.

Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa wenye kuzihifadhi neema zake. Amin.