Moyo Ulioachwa Mtini

Paukwa! Pakawa. Sogeeni, wanangu. Leo nitawasimulia hadithi, kisha tuifumue tuone ilivyosukwa.

Kima alikaa juu ya mkuyu ulioota ufukweni. Nusu ya matawi yalitanda nchi kavu, nusu yaliinamia bahari. Kila alipokula kuyu, Papa alikuja chini kuomba, naye akamrushia. Urafiki ukakolea. Siku moja Papa akamwalika kwao, Kima akapanda mgongoni, wakaenda. Walipofika katikati ya bahari, Papa akamwambia ukweli: sultani wao anaumwa sana, na dawa yake ni moyo wa kima. Kima akajibu kwamba angeambiwa mapema angekuja nao, maana kima wakitoka kutembea huiacha mioyo yao mtini. Papa akageuka kuufuata. Walipofika, Kima akaruka, akapanda juu kabisa, akanyamaza.

Ukisimulia haya kwa "kisha, kisha, kisha", umetaja matukio tu. Sasa jaribuni kutia "kwa hiyo". Mkuyu uliinamia bahari, kwa hiyo kuyu ziliweza kumfikia Papa. Alizila, kwa hiyo wakawa marafiki. Walikuwa marafiki, kwa hiyo Kima hakuogopa kupanda mgongoni. Huo ndio msuko, au ploti. Mmewahi kumtazama mtu akisuka ukili? Jani moja la ukindu hupita juu ya jingine, halafu chini, na kila moja hubanwa na lililotangulia. Chomoa moja, majirani zake hulegea. Ondoeni zile kuyu katika hadithi yetu, na Kima hana sababu yoyote ya kumwamini samaki mwenye meno.

Mimi hukaa zaidi pale katikati ya bahari. Kwa nini Papa aliitoa siri? Angenyamaza, angemfikisha Kima kwa sultani na hadithi ingeishia hapo. Aliisema kwa sababu aliona nchi kavu iko mbali na Kima hana pa kukimbilia. Maji yale yale yaliyompa Papa ujasiri wa kusema ndiyo yaliyomlazimisha Kima kutumia akili, kwa kuwa miguu haikuwa na kazi. Fundo moja limewabana wote wawili. Nalipenda fundo hilo kuliko mapigano yote ya panga.

Tazameni pia siri ilivyofichwa. Sisi tuliijua pamoja na Kima, ikatushtua. Msimulizi angetuambia tangu mwanzo, tungeona kila hatua ya safari kwa hofu, tukitamani kumwita Kima ashuke. Taharuki ingekuwepo, lakini ya namna nyingine. Matukio yale yale, mpangilio tofauti.

Edward Steere aliikusanya hadithi hii Unguja, akaichapisha London mwaka 1870. Lakini ni ya zamani zaidi. Katika Panchatantra ya Bara Hindi, mwenzake Kima ni mamba. Katika Kalila wa Dimna, kitabu alichokitafsiri Ibn al-Muqaffa kwa Kiarabu katika karne ya 8, ni kobe. Wanyama walibadilika bandari hadi bandari. Moyo ulioachwa mtini haukubadilika, kwa sababu ukiutoa huo, Kima harudi nyumbani.

Hadithi haijaisha. Papa anaita kutoka majini: shuka, twende! Kima anamjibu kwa hadithi nyingine, ya punda wa dobi. Sungura alimdanganya punda akampeleka kwa Simba, akaumizwa, akaponea chupuchupu. Sungura akamfuata tena kwa maneno matamu, naye punda akarudi. Safari hiyo hakutoka.

Sasa niambieni: Kima angeweza kusema "siji" tu, yakaisha. Kwa nini alimsimulia Papa habari za punda?