Picha gani ya kichwa inaonyesha mishipa?

Wamama wenzetu wa Kasongo na Kabambare, mtoto mwenye homa ya siku nyingi akipinda mdomo au akilegea mkono mmoja, tusiseme amelogwa. Kifua kikuu kikiingia kwenye utando wa ubongo huvimbisha mishipa, damu ikakosa njia. Radio ya kichwa huonyesha mfupa tu; tusiuze mbuzi kwa ajili yake. Skana huonyesha sehemu ya ubongo iliyokosa damu. IRM, pamoja na dawa inayochomwa mshipani, huonyesha hata ukuta wa mshipa uliovimba. Lakini mashine hizo ni za miji mikubwa, na barabara zetu tunazijua. Basi daktari akitaka kupima maji ya mgongo (ile sindano tunayoiogopa!), tukubali siku hiyohiyo, dawa zianze kabla ya safari.