Gome la mlungulungu: kipi kinatibu, kipi kinadhuru?

Mlungulungu si mti mgeni Bariadi wala kwingineko Usukumani. Magome na mizizi ya mti huu wa miiba, ambao pwani huitwa mjafari na kitaalamu Zanthoxylum chalybeum, huchemshwa na kunywewa kwa homa na maumivu ya tumbo. Lakini ndani ya kikombe hicho kichungu, ni nini hasa kinachofanya kazi?

Humo mna mchanganyiko wa tanini, sukari, mafuta na alkaloidi. Ili kuvitenganisha, gome hukaushwa, husagwa na kulowekwa kwenye ethanoli. Ethanoli ikichujwa na kuvukizwa, hubaki rojo zito. Alkaloidi nyingi huyeyuka katika maji yenye asidi kidogo, mafuta hayayeyuki. Maji hayo yakitiwa amonia, alkaloidi huyahama na kuingia kwenye kiyeyushi kama klorofomu.

Hatua inayofuata ni bomba la kioo lililojazwa unga wa silika. Kemikali inayong'ang'ania unga huchelewa kushuka. Isiyoshikamana nao hutangulia. Kila fungu hukingwa peke yake, kisha hujaribiwa kwa vimelea vya malaria. Lililoshindwa huwekwa kando, lililofaulu hugawanywa tena mpaka ibaki kemikali moja.

Uangalifu unahitajika, maana moto wenyewe huweza kuharibu dawa. Mtafiti wa China, Tu Youyou, alipoacha kuchemsha mmea wa Artemisia annua na kutumia etha, inayochemka kwenye nyuzi 35 tu, nguvu ya dawa ilionekana. Mwaka 1972 timu yake ilipata artemisinini, chimbuko la dawa mseto ya malaria tunayopewa leo. Mwaka 2015 alitunukiwa Tuzo ya Nobel.

Usafishaji hufichua na hatari. Baadhi ya miti ya jamii ya mlungulungu ina kemikali iitwayo nitidini, inayoua vimelea vya malaria maabarani, lakini pia huweza kudhuru seli za mwili. Gome halina kipimo: umri wa mti, udongo na msimu hubadili kiasi cha kemikali. Kemikali ikishasafishwa, hupimwa kwa miligramu.

Kwa hiyo mwenye homa apime malaria kituoni kwanza. Na kama ameshakunywa mitishamba, amtajie mhudumu mti, kiasi na siku aliyoanza.