Shiraz ya Mizabibu ya Karibu Karne Mbili

Bonde la Barossa, kaskazini-mashariki ya mji wa Adelaide katika jimbo la Australia Kusini, lina baadhi ya mashamba ya zabibu ya kale zaidi duniani ambayo bado yanavunwa. Wahamiaji wa Kilutheri kutoka Silesia walianza kukaa humo mwaka 1842. Mizabibu ya zabibu nyeusi aina ya Shiraz iliyopandwa katika shamba la Langmeil mwaka 1843 inazaa hadi leo, na ile ya shamba la Turkey Flat ni ya 1847. Mzabibu wa umri huo una shina nene lililopinda na kupasuka, magome yanabanduka, na mara nyingi ndani mna uwazi. Vichala vyake ni vichache na punje zake ndogo.

Ulaya hakuna mizabibu mingi ya namna hii, na sababu ni mdudu. Katika miaka ya 1860 filoksera, mdudu mdogo anayefyonza mizizi, aliingia Ufaransa kutoka Amerika Kaskazini, kisha akateketeza mashamba karibu bara zima. Dawa iliyofaa ilikuwa kubebesha: kikonyo cha mzabibu wa Ulaya hupandikizwa juu ya shina la mzabibu wa Kimarekani, ambao mizizi yake humstahimili mdudu huyo. Australia Kusini iliweka masharti makali ya kuingiza miche, na filoksera hajaonekana huko. Ndiyo maana Shiraz ya kale ya Barossa imesimama juu ya mizizi yake yenyewe.

Kilichokaribia kuimaliza ni soko. Katika miaka ya 1980 zabibu nyeusi zilikosa wanunuzi, na serikali ya jimbo ikawalipa wakulima wang'oe mizabibu. Mingi ya kale ilikwenda hivyo. Watengenezaji wachache, wakiwemo Peter Lehmann na Robert O'Callaghan wa kampuni ya Rockford, waliendelea kununua zabibu za wakulima hao, na mashamba kadhaa yakapona. Mwaka 2009 Barossa ikajiwekea madaraja ya umri: mzabibu wa miaka 35 huitwa mkongwe, wa 70 ulionusurika, wa 100 mkarne, na wa 125 na kuendelea huitwa wa mababu.

Chupa ya divai ya mizabibu hiyo inahitaji maandalizi kidogo. Ushauri wa kunywa divai nyekundu kwa joto la chumba ulitokana na nyumba za Ulaya zenye baridi. Dar es Salaam au Mombasa joto la chumba huifanya pombe ipande puani na kuficha kila kitu kingine. Nyuzi 16 hadi 18 zinatosha, kwa hiyo chupa ipozwe kwenye friji hadi ifike hapo. Divai changa imiminwe kwenye jagi wazi saa moja kabla ya kunywewa ili ipate hewa. Iliyokaa miaka mingi imiminwe taratibu, mashapo yabaki chini ya chupa.

Bilauri iwe pana, ijazwe theluthi tu, kisha iinamishwe juu ya karatasi nyeupe. Shiraz changa ya Barossa huwa ya zambarau iliyokolea hata katikati ikakaribia weusi. Kadiri miaka inavyopita, ukingo wake hugeuka rangi ya matofali. Michirizi inayoteremka polepole ndani ya bilauri huwavutia wengi, lakini huonyesha zaidi wingi wa pombe kuliko ubora.

Harufu inuswe mara mbili, kwanza bilauri ikiwa imetulia, halafu baada ya kuizungusha. Hutangulia matunda meusi: plamu na zambarau zilizoiva sana. Nyuma yake huja chokoleti chungu, karafuu, na kama divai ilikaa kwenye mapipa ya mwaloni wa Kimarekani, vanila na nazi. Harufu ya pilipili manga nayo si mchezo wa maneno ya waonjaji. Watafiti wa Australia walionyesha mwaka 2008 kwamba inatokana na kemikali iitwayo rotundoni, ile ile iliyomo ndani ya pilipili manga yenyewe, na mtu mmoja kati ya watano hivi hawezi kuisikia kabisa. Wawili wanaobishana juu ya bilauri moja huenda wote wanasema kweli.

Mdomoni, aliyezoea divai tamu za Dodoma atashangaa: pua imeahidi utamu, ulimi unakuta divai kavu. Funda moja lizungushwe hadi kwenye fizi. Tanini, inayotoka kwenye maganda na kokwa, hukausha mdomo, na ikiwa mbichi huacha ukakasi kama wa bibo. Katika divai nzuri ya mizabibu ya kale tanini huwa nyingi lakini laini. Pombe mara nyingi ni asilimia 14 hadi 15, nayo isiunguze koo. Kipimo kikubwa kabisa huja baada ya kumeza: ladha ibaki kwa muda mrefu, na iendelee kubadilika badala ya kufifia tu. Nyama ya kuchoma yenye mafuta huipunguza makali. Samaki hushindwa nayo.

Je, uzee wa mzabibu ndio unaoleta haya? Mavuno machache na mizizi iliyokwenda chini, ambayo huupa mzabibu uvumilivu wakati wa ukame, ni sababu zinazoeleweka. Lakini mzabibu mchanga ukipogolewa vizuri nao huzaa kidogo na kwa ubora. Isitoshe, mashamba mengi mabaya yaling'olewa zamani. Yaliyofika miaka 150 huenda yalibakizwa kwa sababu zabibu zake zilikuwa nzuri tangu mwanzo. Umri peke yake hauna ladha.

Shirika la Kimataifa la Mizabibu na Divai lilipendekeza mwaka 2024 kwamba mzabibu uhesabiwe mkongwe ukifika miaka 35, lakini hilo ni pendekezo, na nchi nyingi hazina sheria juu ya jambo hili. Mnunuzi asitosheke na maneno "mizabibu ya kale" kwenye lebo. Atafute mwaka wa kupandwa na jina la shamba.