Uimara wa Mataji ya Kauri na Saruji Zake Juu ya Vipandikizi vya Meno

Jino la asili hushikizwa mfupani na nyuzi zinazopunguza kishindo cha kutafuna. Kipandikizi hakina nyuzi hizo. Hivyo taji lake hubeba mzigo mkubwa zaidi. Zirkonia hustahimili mkazo wa kupinda wa takribani megapaskali 1000, na disilikati ya lithi takribani 400. Hata hivyo, disilikati ina kioo, hivyo hukwaruzwa kwa asidi ya hidrofloriki ikashikamana vyema na saruji ya resini; zirkonia, isiyo na kioo, hurushiwa chembe za alumina. Saruji kali nayo ina hasara: skrubu ya ndani ikilegea, huenda taji likalazimika kukatwa, na masalia ya saruji chini ya ufizi huweza kusababisha uvimbe unaodhoofisha mfupa. Kwa hiyo, saruji haistahili kuchaguliwa kwa kigezo cha nguvu pekee, bali pia kwa uwezekano wa kuliondoa taji na kusafisha masalia.