Kutoka Pwani ya Sili hadi Milima ya Theluji

Mume na mke wasafirio kwa motokaa katika jimbo la California, Marekani, huweza kuona wanyama wa bahari na theluji katika safari moja.

Huko Piedras Blancas, kando ya Barabara Nambari 1, sili wakubwa wenye pua mfano wa mkonga hulala mchangani. Dume huweza kupita kilo 2,000. Katika karne ya 19 waliwindwa kwa ajili ya mafuta yao, wakakaribia kutoweka. Mwaka 1922 serikali ya Mexico ilipiga marufuku kuwaua, ikaweka askari kisiwani Guadalupe kuwalinda. Wazao wa wachache waliosalia walianza kukaa Piedras Blancas mwaka 1990.

Kutoka pwani, wasafiri huvuka bonde pana la mashamba, kisha huipanda milima ya Sierra Nevada. Njia ya Tioga, yenye mwinuko wa mita 3,031, hufungwa majira ya baridi. Katika njia zilizo wazi, madereva huweza kuamriwa kufunga minyororo magurudumuni. Mmoja akiendesha, mwenziwe na asome mabango.

Amri iliwaokoa sili. Amri huwarudisha wasafiri nyumbani salama.