Jirani Yako Anadhani Utafanya Nini?

Tarehe 15 Mei 2024 uvuvi ulisimamishwa Ziwa Tanganyika, upande wa Tanzania, hadi 15 Agosti, ili samaki wazaliane. Mvuvi wa Kirando, kwenye mwambao huo, alikuwa na swali jepesi: nitulie, au nitoke usiku? Nyuma yake kulikuwa na lililo zito zaidi: jirani yangu anadhani mimi nitafanya nini?

Wataalamu wa nadharia ya michezo huanzia hapohapo. Mwaka 1995 Rosemarie Nagel alichapisha jaribio lake: kila mshiriki ataje namba kati ya 0 na 100, na mshindi ni atakayekaribia theluthi mbili za wastani wa namba zote. Wakibahatisha tu, wastani utakuwa 50. Anayedhani wenzake wanabahatisha atataja 33. Anayedhani wamefika 33 atataja 22. Hesabu ikifuatwa hadi mwisho jibu ni 0. Lakini duru ya kwanza wastani ulikuwa karibu 37, na aliyetaja 0 angeshindwa. Wengi huishia hatua moja au mbili, na mshindi ni anayejua wenzake wameishia wapi.

Ziwani kukisia vibaya kuna gharama. Mvuvi anaweza kuamini kwa moyo wote kwamba mapumziko yataongeza dagaa na migebuka, bado akatoka kwa kudhani jirani atatoka. Jirani naye, asiye na nia ya kutoka, atatoka kwa kuhisi kwamba haaminiwi. Hivyo ziwa huweza kuvuliwa na watu ambao wote walitaka kutulia. Ndiyo maana siwaungi mkono wanaomaliza mjadala kwa neno tamaa.

Dagaa huvuliwa usiku wa giza kwa taa, na taa huonekana kutoka ufukweni. Ziwa likiwa jeusi kutoka Kirando hadi Kipili, kila mtu ameona, na anajua wenzake wameona pia. Wavu wa kutega hauna taa; hapo shaka hurudi. Na ng'ambo, mwalo wa Moba nchini Kongo hauonekani kabisa.

Mamlaka ya Ziwa Tanganyika, yenye makao Bujumbura, inaunganisha nchi zote nne za ziwa hili. Wakati wa mapumziko itangaze redioni kila wiki, kwa Kiswahili, hali ya kila mwambao, hata pale palipovunjwa amri. Naamini taarifa hiyo ingewatuliza wavuvi wengi kuliko boti moja zaidi ya doria.